Tableti inajizima na chaji 58, wakulima wanasema naizima makusudi

SWALI

Shikamoo kaka,

Nakuandikia nimechoka kweli maana hili jambo nimeshalieleza kwa watu wanne na kila mtu kanipa jibu lake. Mi naishi kijiji kimoja huku Newala, msimu wa korosho nakuwa karani wa mizani kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ya kijijini kwetu. Mkulima akileta mzigo unapanda mizani, mi naandika jina, kilo na idadi ya magunia, anapewa risiti yake ya karatasi anaondoka. Ila msimu uliopita nikajiongeza nikaanza kutumia na tableti yangu mwenyewe, gunia likiwa juu ya mizani napiga picha namba inayosoma halafu naingiza kilo kwenye jedwali, ili mtu akirudi baada ya wiki mbili anasema kilo zangu zimepungua namfungulia picha ya gunia lake anaiona kwa macho yake na maneno yanaisha hapo hapo. Ilisaidia mno kaka, ikafika mahali wazee wanakuja wenyewe wanasema binti usinisahau na mimi picha yangu.

Sasa msimu huu tableti imenigeuka. Ni ya Android, inchi 10, niliinunua mtumba Dar, aliyeniuzia alisema imetumika mwaka mmoja tu na kwangu ina miaka miwili na nusu. Asubuhi natoka nyumbani na 100, nafanya kazi vizuri kabisa, ikifika saa nne saa tano chaji inasoma 60 au 58 nabonyeza kupiga picha, fleshi inamulika na tableti ndo hiyo imezima, kioo cheusi. Nikibonyeza kuwasha inaleta nembo halafu inazima tena. Nikichomeka pawabenki inawaka, na ukiangalia chaji inasoma 57! Yaani chaji ipo pale pale, haijaenda popote, sasa ilizima kwa nini?

Jumatano iliyopita ndo imeniumiza. Mzee mmoja kaleta magunia manane, tuko gunia la tano, tableti ikazima mbele yake na picha ya gunia la nne haikusevu. Foleni ndefu, jua kali, kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti, hiyo mashine inajua kuzima kwa mzigo wa nani. Watu wakacheka. Yule mzee hakucheka, akaomba magunia yake yote yapimwe upya kuanzia la kwanza. Tukapima, kilo zikaja zile zile, ila aliondoka bila kuniangalia. Baba yangu miaka ile aliwahi kuuza kangomba, yaani korosho kwa bakuli kwa walanguzi, kwa shida, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka bakuli lile lilivyokuwa linajazwa hadi linamwagika na linahesabika moja. Najua mtu akipunjwa anakuwaje, sasa kuambiwa mi ndo napunja siwezi kulala.

Nimeshaenda kwa fundi hapa Newala mjini, akaiflashi, yaani akaingiza programu upya, kwa 20,000, picha za mwaka jana zote zikafutika na siku ya pili ikazima vile vile. Nikaipeleka Masasi, huko fundi kasema bodi imekufa, anataka 130,000. Mdogo wangu yuko Mtwara mjini anasema ni virusi. Jirani anasema chaja feki.

Mengine ambayo nimeyaona: usiku naiacha kwenye chaji mpaka asubuhi ili niondoke na 100. Mchana inakaa mezani, ghala halina dari, ni bati tupu. Kuna siku umeme ulikuwepo kutwa nikaitumia imechomekwa, nilipiga picha zaidi ya 100 na haikuzima hata mara moja. Halafu kuna kitu kidogo sijui kama kina maana, siku hizi nikiiweka mezani nikawa naandika inacheza cheza, kona moja inainuka, nimekunja karatasi nikaweka chini yake, nadhani meza ndo mbovu.

Nitoe hiyo 130,000 ya bodi au nitafute tableti nyingine? Na wakulima niwaambie nini?

Karani wa mizani, Newala

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Naanza na kile ulichokiita kitu kidogo, ile karatasi uliyoikunja ukaiweka chini ya kona. Meza yako ni nzima. Toa kava, ilaze tableti mgongo chini kwenye kitu kilichonyooka kweli, sakafu ya marumaru au kioo cha kabati, halafu iguse kona kwa kidole kimoja taratibu bila kukandamiza. Ikicheza na pale, inama uiangalie kwa ubavu usawa wa jicho. Nina hakika kubwa utaona mgongo umefanya tumbo, au kioo kimeanza kuachana na fremu pembeni ukimulika tochi unaona uwazi mwembamba kama unene wa ukucha. Hiyo ni betri imevimba. Ndani yake kumetengenezwa gesi kwa sababu kemikali zake zimechoka na kuharibika, na gesi haina pa kutokea maana betri hizi zimefungwa kama pakiti.

Sasa kabla sijakueleza kwa nini inazima na chaji 58, nisikilize kwa hili. Kuanzia leo usiichaji tena. Hata kidogo, hata kwa pawabenki. Usiiweke kwenye godoro wala kwenye begi lenye nguo, usiiache juani, usiikandamize kioo kirudi, na mtu yeyote asikwambie aitoboe na sindano itoe upepo, wapo wanaosema hivyo na wameunguza vidole. Na zaidi ya yote usirudi nayo ghalani. Wewe ni mtoto wa Newala, umeshaona mama zetu wakikaanga korosho za maganda kwenye karai, mafuta ya ganda yakishika moto yanavyoruka na ule moshi wake mweusi. Hayo mafuta yako kwenye kila korosho iliyomo humo ghalani, na imefungwa kwenye gunia la katani, na magunia yamepangwa hadi juu. Betri iliyovimba mara nyingi haiwaki, lakini ikiwaka inawaka kwa nguvu na maji ya ndoo hayaizimi kirahisi. Mwaka 2016 Samsung walilazimika kurudisha simu zao za Galaxy Note 7 dunia nzima kwa sababu ya betri kushika moto, na zile zilikuwa mpya kutoka kiwandani. Kwa hiyo itafutie sufuria kuukuu au chungu, weka mchanga mkavu chini, ilaze humo ikiwa imezimwa, iweke barazani penye kivuli mbali na wanapolala watoto, hadi siku ya kwenda kwa fundi.

Kama kuna rekodi za msimu huu humo ndani na unazihitaji, unaweza kuiwasha mara moja kwa chaji iliyobaki, punguza mwanga wa kioo hadi chini kabisa, usifungue kamera, hamishia jedwali na picha kwenye memori kadi au tuma kwenye simu yako, kisha izime. Ikikataa kuwaka usihangaike, vitu vyako haviko kwenye betri, vinakaa kwenye bodi na betri ikibadilishwa utavikuta. Kilichofuta picha za mwaka jana ni ile flashi, na hilo limeniuma kwa niaba yako maana hukutakiwa kuflashi kabisa.

Haya, tuje kwenye 58.

Watu wengi tunadhani ile asilimia ni kama mshale wa mafuta, kwamba kuna kitu ndani kinachungulia chaji iliyobaki. Hakuna. Kuna chipu inapiga mahesabu, inaangalia volti za betri na umeme ulioingia na uliotoka, halafu inakisia. Ni makisio kama ya mchuuzi anayeliangalia gunia kwa macho akasema hili lina kilo 80, na likipanda mizani linasoma 61 kwa sababu nusu ya korosho hazikujaa ndani. Kwa nje gunia ni lile lile. Betri yako kwa nje ni 58, tatizo ni pale inapoambiwa ibebe mzigo.

Na mzigo wenyewe ni ule ule ulioutaja bila kujua, fleshi. Betri ya tableti ikijaa inakuwa na volti 4.2 hivi au zaidi kidogo, ikifika katikati inakuwa kwenye 3.7 au 3.8, na tableti yenyewe imepangiwa kwamba volti zikishuka hadi karibu 3.3 au 3.4 ijizime ili isiharibike. Sasa chukulia uko 3.8, kila kitu shwari. Unabonyeza picha: kamera inavuta, fleshi inavuta, kioo kiko mwanga wote kwa sababu ya jua, data iko hewani inatafuta mtandao, vyote kwa mpigo mmoja. Betri isiyochoka hapo inashuka kama robo ya volti kwa sekunde moja na kurudi, hata huoni. Betri iliyochoka inashuka nusu volti au zaidi, inagusa ule mpaka wa kuzima, na tableti inazima kwa sababu kwa sekunde ile kweli umeme haukutosha. Ikishazima hakuna kinachovuta, volti zinapanda zenyewe hadi 3.8, ndo maana ukichomeka pawabenki ikiwaka inakwambia 57. Haikudanganyi kwa makusudi, ndivyo inavyoona.

Wewe unakaa huko juu kwenye uwanda wa Makonde, maji unayajua. Simtanki limejaa lakini bomba la kutokea limejaa kutu ndani hadi limebaki tundu la kalamu, ukifungua koki moja unapata maji, ukifungua koki nne kwa pamoja zote zinatoa pumzi tu. Mtu akichungulia tanki atasema maji yapo. Yapo kweli. Betri ikizeeka ndani yake kunakuwa na ukinzani, umeme upo ila hauwezi kutoka kwa kasi inayotakiwa, na flashi ya fundi haiwezi kusafisha bomba maana hilo ni jambo la kemia, programu haina uwezo nalo.

Na usione kama ni ubaya wa kununua mtumba peke yake. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, na sababu waliyoitoa ni hii hii, zilikuwa zinajizima ghafla wakati chaji bado inaonekana ipo. Watu walilalamika sana hadi Apple wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Simu za mamilioni zile, betri ni betri.

Sasa kwa nini nasema si bodi. Jibu umeliandika mwenyewe, siku ile umeme ulikuwepo kutwa. Picha zaidi ya 100 na haikuzima. Ikichomekwa, umeme wa chaja unasaidia kubeba ule mzigo wa ghafla na betri haiachwi peke yake. Bodi ikiwa imekufa au IC ya chaji, ile chipu inayosimamia kuchaji, ina shida, ingezima hata ikiwa kwenye umeme, au isingechaji vizuri, au ingezima yenyewe imetulia mezani bila kuguswa. Simlaumu fundi wa Masasi, kama hukumwambia habari ya ile siku na hukumwambia inacheza mezani basi na yeye alikuwa anakisia gunia kwa macho, lakini usimpe 130,000.

Ningependa na wengine wenye shida ya namna hii wasikimbilie betri bila kupima, kwa hiyo nieleze kidogo, ila haya ni kwa wale ambao tableti zao hazijavimba. Kipimo cha kwanza ni hicho cha kuitumia ikiwa imechomekwa kutwa nzima. Isipozima, elekeza macho kwenye betri. Ikizima hata kwenye umeme, angalia kwanza kama kweli imezima au ni kioo tu kimelala, maana kava nyingi zina sumaku na tableti ikihisi sumaku inadhani umefunga kava, nimeshaletewa tableti ya mwalimu mmoja wa hapa Lindi ambayo shida yote ilikuwa kava jipya, tukalitoa ikapona. Tableti za bei nafuu nyingine zina sehemu kwenye mipangilio ya kupanga saa ya kuzima na kuwaka, mtoto akiigusa basi kila siku saa fulani inazima na nyumba nzima inasema ina jini. Batani ya kuzimia nayo ikijaa vumbi inanasa ndani, tableti inaona kama umeishikilia, inajizima na kujiwasha. Sisi wa pwani, Mikindani hadi Kilwa, kuna na hewa ya chumvi, tundu la chaji linaota ule ukungu wa kijani na soketi za ndani zinashika kutu, hapo inazima ukiigonga au ukiitikisa. Ya virusi anayosema mdogo wako inapimika bila hela: shikilia batani ya kuzimia, likija neno la kuzima lishikilie lenyewe kwa kidole, itakuuliza kama unataka hali salama, kubali. Hapo programu zote ulizoweka zinalala. Ikizima na hapo, virusi hahusiki.

Chaja feki ya jirani yako inaweza kuchelewesha chaji au kuiharibu betri taratibu, kwa hiyo amegusa kitu, ila haiwezi kuizima tableti ikiwa haijachomekwa.

Kilichokula betri yako kwa maoni yangu ni vitu viwili ulivyovitaja mwenyewe. Kwanza umri, betri hizi zikishamaliza mizunguko kama 500 ya kujaa na kuisha uwezo unakuwa umepungua vya kutosha, na yako ina miaka mitatu na nusu kama muuzaji alisema kweli. Pili ni joto, na hasa joto likikutana na chaji iliyojaa. Betri inayokaa imejaa 100 kwenye nyuzi 40 inazeeka haraka kuliko inayokaa nusu kwenye kivuli, tofauti ni kubwa sana. Wewe usiku kucha iko 100 kwenye chaja, mchana iko chini ya bati lisilo na dari miezi ya Oktoba na Novemba. Watengenezaji wengi wanataka kifaa kisitumike penye joto zaidi ya nyuzi 35, na chini ya bati saa saba mchana tunajua pakoje. Ila elewa vizuri, joto la siku ile silo lililozima tableti saa nne ile ile. Joto limeila kwa miezi, na saa nne inazima kwa sababu imeshashuka kutoka 100 hadi 60, haina tena akiba ya volti za kubebea fleshi.

Kwa hiyo unabadilisha betri. Mwambie fundi maneno mawili kabla hajafungua: imevimba, na usiiflashi. La kwanza ni kwa usalama wake, ataifungua akiwa na kadi ya plastiki, asichokonoe chini ya betri kwa bisibisi maana gundi inashika sana na bisibisi ikitoboa ni moto mkononi. Chaji ikiwa imeisha kabisa ndo salama zaidi kuifungua. Betri ya zamani usikubali itupwe jalalani, majalala yetu yanachomwa moto kila jioni, muulize fundi anazipeleka wapi.

Betri mpya ndo sehemu ya kuwa makini, soko limejaa takataka. Kwenye betri ya zamani kuna stika ina namba ya modeli, volti, na uwezo kwa mAh, tableti ya inchi 10 mara nyingi ni kati ya 5000 na 8000 hivi. Namba ya modeli ifanane, volti zifanane. Ukiona imeandikwa mAh elfu kumi na tano na umbo ni lile lile, iache hapo hapo. Na wewe ni mtu wa mizani, itumie kazi yako: nenda na zote mbili kwenye duka lenye mizani ndogo ya gramu, ya kupimia viungo au ya sonara, zipime. Uwezo wa betri unatokana na vitu vilivyomo ndani na vitu hivyo vina uzito. Mpya ikidai uwezo sawa na wa zamani halafu ni nyepesi kwa robo au zaidi, humo ndani kuna hewa. Hicho kipimo kimenisaidia mara nyingi kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Halafu fundi aipime kwa mita kabla hajaifunga. Betri mpya iliyotunzwa inasoma 3.7 au 3.8, ikisoma chini ya 3 imekaa dukani muda mrefu imekufa njaa, arudishe. Aangalie na waya, nyingi zina waya wa tatu wa kusoma joto la betri, mafundi wengine betri isipolingana wanaukata au wanauunganisha kienyeji ili tableti iwake tu, usikubali kabisa, huo waya ndo unaozuia isichajiwe ikiwa imechemka.

Usilipe hela yote hapo hapo. Lipa nusu, halafu kaa dukani kwake, tableti isiwe imechomekwa, mwanga wote, washa data, fungua kamera na piga picha na fleshi mfululizo kama uko ghalani siku ya foleni, fanya hivyo dakika 20. Siku hiyo hiyo au kesho yake iache ishuke hadi 60 na ishuke hadi 30 ukiendelea kupiga picha. Ikivuka 58 kwa amani, kamalizie deni. Mara ya kwanza itumie hadi ibaki kama 15 halafu ichaji ijae moja kwa moja, ile chipu ya mahesabu ijifunze betri mpya. Baada ya hapo usiiache tena kwenye chaja usiku kucha, na pale ghalani itafutie mahali penye upepo, hata kikapu cha ukindu kimening'inizwa dirishani ni bora kuliko meza chini ya bati.

Nije kwa wakulima, na hapa nazungumza kama mtoto wa mkulima mwenzako. Kijana aliyesema maneno yale usimjibu. Watu wetu wamepunjwa na kangomba miaka mingi hata baada ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala kwa risiti, kuanza Mtwara mwaka 2007, mtu akiona chombo kinazima kilo zake zikiwa juu ya mizani ana haki ya kushtuka, na kushtuka kwake hakukufanyi wewe mwizi. Mwombe mwenyekiti wa AMCOS akupe dakika tano asubuhi kabla mizani haijafunguliwa, sema kwa kifupi kwamba tableti imeharibika betri, imetolewa kazini, na rekodi za risiti ziko salama. Kisha weka daftari lenye karboni, kila gunia linaandikwa mstari wake, mkulima anabaki na nakala na wewe yako, na waombe walioko kwenye foleni wachague mtu wao mmoja asimame pembeni ya mizani aisome namba kwa sauti kabla hujaiandika. Picha utapiga kwa simu yako ya kawaida, bila fleshi, namba za mizani zinawaka zenyewe.

Na yule mzee wa magunia manane mfuate nyumbani kwake kabla malipo hayajatoka, usimsubiri ghalani mbele za watu. Mpelekee karatasi yenye kilo za magunia yote manane, zile za kwanza na zile za kupima upya zikiwa mbele kwa mbele, na kwenye gunia la nne uandike wazi kwamba halina picha. Kama ana mjukuu anayejua kusoma muombe amsomee yeye, usisome wewe.